Rafu za paleti

Rafu za paleti ni viunzi vya chuma vya kupangia mizigo ghalani ikiwa juu ya paleti zake. Boriti za mlalo hunasa kwenye matundu ya nguzo, na pini ndogo ya usalama huizuia kila boriti isichomoke uma za foklifti zinapoisukuma kutoka chini.

Aina

Iliyoenea zaidi ni rafu ya wazi: kila paleti hufikiwa bila kuhamisha nyingine, ila kila safu hudai ujia wake, wa mita 3.5 hivi kwa foklifti ya kawaida. Rafu ya kuingia ndani hujaza ghala vizuri zaidi, lakini mzigo ulioingia mwisho ndio hutoka kwanza, kwa hiyo haifai dawa wala unga. Zipo pia rafu za mtelemko, ambamo paleti huteleza zenyewe hadi upande wa kutolea.

Uchaguzi wa rafu: mfano wa Luhwindja

Mazingira ya mahali huamua rafu ipi ifae, kama katika mgodi wa Luhwindja, uchifu wa wilaya ya Mwenga, Kivu Kusini, yapata kilomita 40 kusini-magharibi mwa mji wa Bukavu. Dhahabu yake, iliyoko Twangiza, ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Sominki, iliyoundwa mwaka 1976, kisha mwa kampuni ya Banro ya Kanada tangu 1996. Dhahabu ya kwanza ya kiwanda ilimiminwa mwaka 2011, na uzalishaji wa kibiashara ukatangazwa Septemba 2012.

Mvua za milimani, kuanzia Septemba hadi Mei, huharibu barabara, hivyo mgodi wowote wa hapa hulazimika kuweka akiba kubwa. Vipuri, ambavyo ni vya aina nyingi na kila kimoja huhitajika kwa nadra, hudai rafu ya wazi. Sianidi ya sodiamu, kemikali ya kutenganishia dhahabu, inayokuja katika masanduku ya takriban tani 1, ni jambo zito zaidi: ikipata unyevu au asidi hutoa gesi ya kuua. Huwekwa ngazi ya chini, penye hewa na pakavu, kwenye jengo lisilo na asidi hata debe moja.

Tetemeko la ardhi la 3 Februari 2008, lenye kipimo cha 5.9, liliharibu nyumba Bukavu na Cyangugu ya Rwanda. Katika eneo hili la Bonde la Ufa, nguzo isiyofungwa kwa bolti kwenye sakafu nene ya zege ni hatari ya wazi kwa wafanyakazi.

Ukaguzi

Kiwango cha Ulaya EN 15635 huainisha uharibifu wa rafu kwa kijani, njano na nyekundu. Rafu ya nyekundu hupakuliwa papo hapo.

Miaka ya karibuni

Banro ilisimamisha kazi Twangiza Septemba 2019. Katika depo nyingi za Bukavu magunia hubebwa mabegani na kupangwa juu ya paleti zilizo chini, mpango unaofaa kabisa pasipo na foklifti wala fundi wake.