Ukibanwa safarini: vyoo vya umma kutoka Nyegezi hadi Tokyo

Basi la Dar likishatoka stendi ya Nyegezi na kuipita Mkolani, abiria wengi wanaanza kupigia hesabu maji ya kunywa. Safari ni zaidi ya kilomita 1,100, na choo utakachopata kinategemea dereva ataamua kusimama wapi.

Hapo ndipo linapokuja suala la "kuchimba dawa". Konda anatangaza, basi linasimama porini, wanaume upande huu, wanawake upande ule, dakika tano, twende. Tafsida nzuri kweli, maana anayechimba mizizi porini huwa haulizwi maswali.

Shida ni kwamba dawa haichimbwi sawa kwa wote. Mwanaume anamaliza nyuma ya tairi. Mwanamke lazima atafute kichaka, na akiwa kwenye siku zake anahitaji maji, sehemu ya kubadilisha na pa kutupa pedi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, kichaka chenyewe mara nyingi kiko gizani. Ndiyo maana wapo wanaoamua kutokunywa maji siku nzima na kubana mkojo kwa masaa, jambo linaloongeza hatari ya UTI.

Kanda ya Ziwa tuna la ziada: kichocho. Kinyesi kikiachwa wazi, mvua inakisomba hadi ziwani. Mayai yanaanguliwa majini, vimelea vinaingia kwa konokono, na vikitoka humo vinapenya ngozi ya anayeoga, anayevua au anayechota maji. Hivyo ndivyo kichocho cha tumbo kinavyoenea kando ya Ziwa Victoria.

Kulipa siyo tatizo, unalipia nini?

Kwenye stendi nyingi nchini unalipa kati ya Sh200 na Sh500, tena mlangoni, kabla hujaona unacholipia. Ndani ni choo cha kuchuchumaa, ndoo na kopo. Beba sarafu. Ukitoa noti ya elfu kumi unaweza kuambiwa hakuna chenji, na hapo hali ishakuwa mbaya.

Nairobi walilifanyia biashara. David Kuria na kampuni yake ya Ecotact walianzisha Iko Toilet miaka ya mwisho ya 2000 kwa shilingi 5 za Kenya. Nje uling'arisha viatu na kununua soda, ndani kulisafishwa muda wote. India walitangulia: shirika la Sulabh, lililoanzishwa na Bindeshwar Pathak mwaka 1970, linaendesha vyoo vya kulipia kwa bei ndogo.

Ujerumani ndiko utashtuka. Kwenye vituo vya barabara kuu, vyoo vya Sanifair vinatoza euro 1, zaidi ya Sh2,500. Unapewa kuponi ya thamani hiyo hiyo ukanunulie kitu hapo hapo, ambapo bei nazo zimechangamka. Uingereza, Network Rail iliondoa tozo kwenye vyoo vya stesheni inazoziendesha mwaka 2019.

Kisa cha Marekani ndicho kinachotuhusu zaidi. Zamani vyumba vya choo vilifungwa kwa kufuli la sarafu, lakini sehemu za wanaume kukojolea zilikuwa bure. Kwa hiyo mwanamke alilipa kila mara. Mwaka 1969 mbunge wa California, March Fong Eu, alivunja sinki la choo kwa nyundo mbele ya jengo la bunge la jimbo kupinga hilo. Tozo zikapigwa marufuku jimbo baada ya jimbo. Ila vyoo vingi vilifungwa na havikuletwa vingine, na leo ukibanwa New York unaweza kujikuta unanunua kahawa usiyoitaka ili utumie choo cha mgahawa.

Oman Mswahili hapati tabu: misikiti na vituo vya mafuta vina vyoo vya bure, na kuna mpira wa maji pembeni. Ulaya utakuta karatasi tu, kwa hiyo chupa ndogo ya maji isikosekane kwenye begi.

Tokyo ni habari nyingine. Kuanzia mwaka 2020, eneo la Shibuya limejengewa vyoo 17 vya bure na wasanifu majengo maarufu. Vile vya Shigeru Ban vina kuta za vioo vinavyoonyesha ndani: unaona usafi kabla ya kuingia, na ukifunga mlango vioo vinaziba.

Kabla basi halijatoka Nyegezi

Ingia chooni stendi hata kama hujabanwa. Beba sarafu, tishu, maji na tochi ya simu yenye chaji. Kabla ya kukaa, muulize konda watasimama wapi: hotelini, sheli au porini. Akikujibu porini, omba mapema, mkiwa abiria wawili watatu, msimame kwenye sheli iliyo njiani. Ombi hilo ni rahisi kukubaliwa mkiwa bado Shinyanga au Nzega kuliko mkiwa katikati ya pori na dereva anafukuzia muda.