Homoni si Kichocheo

Kijitabu cha kilimo kinachogawiwa hapa Sindo, kando ya Ziwa Viktoria, kimeziita homoni za mmea "vichocheo". Sikitaji kwa jina. Kamati iliyokipitisha inajijua. Kuchochea ni kusukuma kuni motoni, na kutoka hapo, kuwatia watu fitina wapigane. Kichocheo huzidisha, hakizuii. Isitoshe, wanakemia wamekwisha kulitwaa neno hilo kwa kitu kinachoharakisha mmenyuko.

Sasa mhindi wetu ukipatwa na kiangazi, ziwa likiwa palepale machoni? Ncha ya mzizi ikipenya ufa mkavu, asidi absisiki, mojawapo ya homoni hizo, husafiri na maji kutoka mishipa ya ndani hadi seli za nje, ikaziba vijia vya kati ya seli. Auksini, homoni inayochipuza matawi ya mzizi, hukosa pa kupita kwenda ndani, na mzizi ukaacha kutoa matawi hadi ukutane tena na unyevu. Kilichochochewa hapo ni kipi?

Mtaalamu mmoja ameiita asidi absisiki "asidi pukutishi". Masikini! Walioibatiza absisiki mwaka 1967 walidhani ndiyo inayoangusha majani. Baadaye ikabainika kwamba kazi hiyo hasa ni ya ethilini, homoni nyingine. Yeye amelitafsiri kosa lao kwa uaminifu mkubwa.

Neno ninalolitetea ni tarishi. Ernest Starling, Mwingereza aliyelitangaza neno homoni mwaka 1905, alilitoa katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha, na wenye kichocheo wameking'ang'ania kitenzi hicho. Lakini katika mhadhara uleule Starling aliviita vitu vyenyewe wajumbe wa kikemia. Tarishi ndiye huyo. Waarabu wa Ghuba humwita mjumbe *tarish*. Sisi tukaongeza irabu, tukamtuma na barua za serikali. Hachagui ujumbe: leo "chipua", kesho "simama". Hata barua kuibwa njiani kumo. Strigolaktoni, homoni inayotoka kwenye mizizi ya mtama, huzindua mbegu za kayongo, gugu linaloinyonya mizizi hiyo, ambalo watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE pale Mbita wamelipiga vita miaka mingi kwa mbinu ya kilimo mseto iitwayo sukuma-vuta.

Nimejibiwa kwamba tarishi ni cheo duni, hakifai sayansi. Aliyenijibu alinitumia barua hiyo kwa mkono wa tarishi.

Matumizi: ngeli ya A-WA, wingi matarishi, "matarishi wa mmea wamezuia mzizi kutoa matawi". Homoni ibaki katika mabano kwa wanaofanya mtihani.