Chiswick: Nyumba ya Watu 36 Iliyolaza Watu 75

Nyumba salama ya Chiswick, magharibi mwa London, kimbilio la wanawake wanaopigwa nyumbani, ilifunguliwa mwaka 1971, na kwa kawaida hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake Uingereza. Erin Pizzey na wenzake walikusudia pawe mahali pa wanawake wa mtaa kukutana. Wakaja wanawake wenye majeraha, wamebeba watoto, wakakataa kurudi kwa waume zao. Polisi waliyaona mambo hayo kuwa ugomvi wa mke na mume, na ofisi za nyumba zilimhesabu mwanamke aliyeondoka kwake kuwa amejitakia kukosa makazi.

Mwaka 1974 kituo kilihamia jumba kubwa zaidi, barabara ya Chiswick High Road. Hapo ndipo kesi ilipoanzia. Halmashauri ya Hounslow iliweka ukomo wa watu 36. Wakaguzi wakakuta 75. Watu walilala sakafuni, lakini Pizzey hakuwa tayari kumrudisha mtu aliyebisha hodi usiku. Aliposhtakiwa, alijitetea kwamba wakazi wote ni kaya moja, hivyo ukomo uliowekewa nyumba zenye kaya nyingi haukumhusu. Shauri lilipanda hadi Bunge la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa, na mwaka 1977 akashindwa: watu wengi kiasi hicho, wanaoingia na kutoka kila siku, si kaya moja. Kisheria hukumu ilieleweka. Lililokosekana ni agizo la kuilazimisha serikali kuwatafutia pengine wale waliozidi.

Kipimo kilikuwapo. Mwaka 1975 kamati teule ya Bunge ilipendekeza nafasi ya familia moja katika nyumba salama kwa kila wakazi 10,000, kiwango ambacho baadaye Baraza la Ulaya nalo lilikichukua. England haijawahi kukifikia, na kwa nchi yenye utajiri ule hilo ni aibu.

Mwaka huohuo wa hukumu, sheria mpya ya watu wasio na makazi ilizitaka halmashauri zimtambue anayekimbia kipigo kuwa hana makazi. Tangu miaka ya 1980 kodi za vyumba katika nyumba salama zimelipwa zaidi kwa ruzuku ya makazi. Mwaka 2003 ulikuja mfuko wa kugharamia huduma za usaidizi. Mwaka 2009 fedha zake zikaondolewa sharti la kutumika kwa huduma hizo tu, na kubana matumizi kulipoanza 2010, halmashauri nyingi zilikata hapo.

Ni mwaka 2021, nusu karne baada ya Chiswick, ndipo sheria ilipozilazimisha halmashauri za England kutoa usaidizi kwa walio katika makazi salama. Serikali ilitenga pauni milioni 125 kwa mwaka wa kwanza. Wahamiaji ambao viza zao zinawazuia kutumia fedha za umma hawapati ruzuku ya makazi, na wabunge walikataa mapendekezo ya kuwaingiza katika sheria hiyo. Walitengewa mpango wa majaribio wa pauni milioni 1.5.