Kishikio cha Sufuria na Historia ya Uzi Uliobaki

Mwezi uliopita, kwenye kikundi chetu cha vijana hapa Nyamirambo, dada mmoja alitoa sufuria ya maharagwe motoni kwa kishikio alichofuma mwenyewe. Kilikuwa kizuri bana: miraba tisa, rangi tisa, yote ni uzi uliobaki kwenye masweta. Kabla hajaitua chini, ule uzi ukayeyuka, ukamganda vidoleni. Tukammwagia maji baridi, na kwa bahati kidonda kilikuwa kidogo. Lakini mimi kama kiongozi wa kikundi niliona aibu. Nilifundishwa kroshe, nikawafundisha wenzangu, na siku zote hizo sikuwahi kuuliza: huu uzi ni wa nini?

Basi nikaanza kuuliza, na swali la uzi likanipeleka mbali.

Wengi wetu tunafikiri kroshe ni kazi ya kupitisha muda tu. Sivyo. Mwaka 1845 ugonjwa uliangamiza viazi huko Ireland. Kufikia 1852 watu kama milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine kama milioni moja wameikimbia nchi. Sisi tunaojua posho ikipunguzwa nyumba inakuwaje, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Wakati ule masista wa Ursuline huko Cork walifundisha wasichana kroshe. Katika mji wa Clones, mwaka 1847, Cassandra Hand, mke wa mchungaji, alileta mwalimu wa kufundisha wanawake maskini. Kazi yenyewe haikutaka mashine wala kiwanda. Kulabu moja, uzi wa pamba na mikono vilitosha. Vitambaa na kola zao viliuzwa kwa matajiri, pesa ikanunua chakula.

Lakini historia hiyo ina upande wa pili. Mfumaji hakuwa na sauti juu ya soko. Mitindo ya nguo ilipobadilika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kazi nayo ikapungua.

Ule mraba wa rangi rangi nao una historia yake. Mwaka 1885 gazeti la wakulima la Marekani, Prairie Farmer, lilichapisha maelezo ya kuufuma. Wazo ni lile la blanketi la viraka: hutupi kipande, unakiunganisha na kingine. Unaanza katikati na mnyororo mdogo uliofungwa kuwa duara, unazunguka, na uzi wa rangi moja ukiisha unafunga mwingine. Ndiyo maana mraba huu unawafaa watu ambao hawana bunda zima la uzi.

Huku kwetu nako kuna historia. Toka 1946 hadi 1960, Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, Wabelgiji waliendesha nyumba ya mafunzo ya wanawake iliyoitwa foyer social. Wake za Waafrika wa mjini walifundishwa kushona, kufuma, kupika na kupiga pasi, na walimu wa Kizungu walikuwa wanawatembelea majumbani kuona wanavyoishi. Ujuzi ulikuwa wa kweli, na mama zetu wengi waliurithi. Ila aliyeamua mke mwema afanye nini hakuwa yule mama mwenyewe.

Sasa turudi kwenye sufuria. Ule uzi uliomuunguza dada yetu ni akriliki. Unatengenezwa kwa kemikali za mafuta ya petroli. Kampuni ya DuPont ya Marekani iliugundua mwaka 1941, ukaanza kutoka kiwandani kwa wingi mwaka 1950. Ni rahisi, una rangi kali, na kwa sweta au kofia hauna neno. Lakini kwenye moto unayeyuka. Wanawake wa Clones walifuma pamba. Mkono umebaki uleule, uzi ndio uliobadilika.

Kuupima si kazi. Kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya sahani, kiwashe. Pamba inanukia karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Sufu ya kondoo inanuka nywele. Akriliki inakunjamana na kuacha punje ngumu nyeusi. Kwa kishikio chukua pamba au sufu, fuma vipande viwili, uviunganishe kimoja juu ya kingine. Na kisiwe na maji, maana kitambaa kibichi kinapitisha joto haraka.

Nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, najua mnatuletea uzi kwa moyo mzuri. Naomba tu, kabla ya mafunzo, tukae pamoja tuulize: uzi huu ni wa nini, kitu tutakachofuma atakinunua nani, na mgeni akiacha kuja kambini, jirani atakinunua? Jirani mwenye mbabula anahitaji kishikio kila siku. Hanunui kwa huruma, ananunua kwa sababu sufuria ni ya moto.

Dada yetu amepona. Jumamosi alikuja na mabaki ya uzi wa pamba na kiberiti. Kabla ya kufuma, alichoma kipande kimoja kimoja mbele yetu sote.