Ngolo za Umatengo: Historia Iliyochimbwa kwa Jembe

Anayepanda kwenda Litembo kutoka Mbinga mjini mwezi wa nne, mvua zinapokaribia kukatika, huona milima imepigwa miraba kuanzia bondeni hadi karibu na kilele. Kwa mbali ni kama mkeka mpana uliotandikwa juu ya mteremko. Akisogea hubaini kwamba kila mraba ni shimo lenye upana wa mita moja na ushei, limezungukwa na matuta manne, na juu ya matuta hayo maharage yanachipua. Wamatengo, wenyeji wa milima hii, huyaita mashimo hayo ngolo. Yakishavunwa misimu miwili hufukiwa, yakachimbwa mengine katika shamba lile lile. Nadhani hii ndiyo sababu hatuyaweki katika orodha ya mambo ya kale: hayana jiwe wala ukuta, na hayana umri wa kupimwa. Lakini ukitaka kujua watu wa milima hii waliishije kwa zaidi ya karne moja na nusu, anza na shimo hilo.

Katikati ya karne ya 19 Wangoni walifika nyanda za Songea kutoka kusini, wakiwa na majeshi yaliyopangwa kwa rika na silaha za kupigania karibu. Waliokuwa wakiishi mabondeni na kwenye misitu ya miombo walikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kutekwa na kuingizwa katika jamii ya Wangoni, au kupanda juu. Wamatengo wengi walipanda. Litembo pana mapango makubwa ya miamba ambamo watu walijificha na familia zao, na hadi leo wenyeji huyaonyesha wageni kama kitu cha kwanza cha kuonwa. Milima iliwaokoa wengine, lakini ikawabana. Watu wengi wakawa kwenye ardhi ndogo, tena ya mwinuko mkali, isiyoruhusu kufyeka msitu, kulima miaka michache na kuhama kama walivyozoea mababu wa tambarare. Wazee na watafiti wengi wanauhusisha ukuaji wa kilimo cha ngolo na msongamano huo. Mtu asiyekuwa na pa kuhamia hujifunza kuilea ardhi aliyo nayo.

Kazi yenyewe haina haraka. Mvua zikiwa bado zipo, kuanzia mwezi wa pili au wa tatu, wanaume hufyeka majani kwa nyengo, kifaa cha kufyekea, na kuyaacha yanyauke. Yakishanyauka hulazwa kwa mistari, mingine ikikata mingine, hadi shamba zima liwe miraba. Hapo ndipo wanawake huingia na majembe. Mama husimama katikati ya mraba, huchimba udongo wa juu na kuutupa kwenye mistari ya majani pande zote nne mpaka yafunikwe. Humwaga maharage juu ya udongo huo, kisha huchimba tena katikati na kufunika mbegu. Akihama mraba huo, ameacha shimo mahali aliposimama na matuta mahali palipokuwa na majani. Maharage huvunwa mwezi wa sita au wa saba. Mvua mpya zikianza mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale. Kabla mahindi hayajashika nafasi, ulezi ulikuwa chakula kikuu. Magugu yote ya palizi hutupwa shimoni. Mzunguko unaofuata unapoanza, mahali palipokuwa na tuta patakuwa shimo, na mahali palipokuwa na shimo, pamejaa mboji, patakuwa tuta.

Hebu fikiria mvua inavyonyesha juu ya mteremko huo. Mahali pengine maji yangekusanyika, yakashika kasi na kuushusha udongo mtoni. Hapa kila tone linaangukia shimoni, linatulia, linaacha tope lake humo na kunywewa na ardhi. Mbolea ya dukani haikuwapo, na haikuhitajika. Ni akili ya mtu aliyeitazama mvua kwa miaka mingi.

Wajerumani walipokuja, milima haikuwa ngome tena. Wabenediktini walifungua misheni Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Mwaka 1902 jeshi la kikoloni liliwashambulia Wamatengo waliokataa utawala huo, na watu wengi waliuawa Litembo. Hii ilikuwa miaka mitatu kabla ya Maji Maji. Inastahili sura nzima katika vitabu vya shule.

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia walikuja Waingereza, na hawa walishangaa. A. H. Pike aliandika kuhusu hifadhi ya udongo ya Wamatengo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1938. Angalia yaliyofuata kwingineko. Katika milima ya Uluguru, serikali hiyo hiyo iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi katika mpango ulioanza mwaka 1950. Ardhi yao haikufaa kwa ngazi hizo, kazi ilikuwa nzito na ya shuruti, na mwaka 1955 watu waliandamana, mpango ukavunjika. Umatengo hakuna aliyetumwa kuwafundisha watu kuchimba. Udongo ulibaki mlimani kwa sababu mwenye shamba ndiye aliyetaka ubaki.

Kahawa ilianza kushika mizizi Umatengo miaka ya 1920, na ndiyo iliyoyabadilisha maisha kuliko bunduki. Ilileta ada ya shule, mabati na nyumba za matofali. Lakini ilichukua mashamba ya karibu na nyumba, ikawa mali ya wanaume, na haikulimwa kwa ngolo. Ngolo zikasukumwa mbali, na mama akaongezewa mwendo. Vijana wasio na urithi wa kutosha wakashuka kufungua mashamba kwenye miombo ya mashariki, kule kule ambako vita ya Wangoni ilikuwa imewafukuza babu zao. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 na bei kuporomoka, kisha biashara hiyo ikafunguliwa kwa makampuni binafsi katikati ya miaka ya 1990, nyumba nyingi zilibaki na mikahawa isiyolipa gharama za dawa. Kilichowalisha ni mahindi na maharage ya ngolo.

Kipo pia kitu kilichopotea ambacho mimi huona uchungu kukitaja. Zamani wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa babu, kila mke akileta chakula alichopika. Chakula hicho na kikao hicho viliitwa sengu. Hapo mtoto wa kiume alifundishwa adabu, yatima alishiba bila kuomba, mgogoro wa mpaka ulimalizwa kabla haujafika kwa mtawala. Hata ntambo, ule mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili ambao ukoo uliutumia kuanzia maji hadi kilele, uligawanywa kwa maneno yaliyosemwa sengu. Kahawa ilimpa kila mwanamume mfuko wake, na meza ya babu ikapungua wageni.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua urithi wa kilimo wa Shimbwe Juu huko Kilimanjaro na ule wa wafugaji wa Engaresero. Nafurahi kwa ajili yao. Ngolo hazina haki ndogo kuliko hizo. Wale wanaozijua kwa mikono, akina bibi waliochimba tangu wakiwa wasichana, wana majina ya Kimatengo kwa kila hatua ya kazi, kwa kila aina ya udongo na kwa kila jani linalooza haraka au polepole. Ninyi walimu wa shule za Mbinga, wapeni wanafunzi wenu daftari moja kila mmoja, wakae na bibi zao shambani msimu huu, mwezi wa tatu na wa nne, wakayaandike majina hayo.