Captain America alifufuliwa mara mbili. Ya kwanza ilibuma

Wasee, leo tuongee kuhusu kurudi. Si kurudi kwa ex, hapo sina ushauri.

Wengi wetu tunamjua Captain America wa filamu: anaamka kutoka kwa barafu, anapata dunia ilishaendelea bila yeye. Lakini kabla ya hiyo barafu walikuwa wamejaribu kumrudisha mara moja, na ikabuma vibaya.

Joe Simon na Jack Kirby walimleta kwa komiki yenye tarehe ya Machi 1941. Kwenye jalada anamtandika Hitler ngumi ya uso, na Marekani yenyewe ilikuwa haijaingia vitani. Ikauza sana. Vita ikaisha 1945, na shujaa wa vita akakosa kazi. Kufikia 1950 komiki yake ilikuwa imefungwa.

Mwisho wa 1953 wakamrudisha. Walifanya nini? Walijifanya hakuna kitu imebadilika. Ngao ni ile ile, Bucky ni yule yule, ila sasa badala ya Wanazi anakimbiza wakomunisti. Mwaka 1954 komiki yake ikatoka mara tatu tu, ikakufa tena.

Halafu 1964, kwa The Avengers namba 4, Stan Lee na Kirby wakaja na njia nyingine. Walisema jamaa amekuwa kwa barafu tangu 1945. Bucky alikufa. Anaamka na kila kitu alichokijua kimeenda. Hapo ndipo watu walimkubali, na mpaka leo bado yuko.

Sasa, kama alikuwa kwa barafu, yule wa 1954 alikuwa nani? Mwandishi Steve Englehart alijibu hilo mwaka 1972, na jibu lake hunimaliza. Alikuwa shabiki! Mtu aliyempenda Captain America mpaka akafanyiwa upasuaji wa uso ili amfanane. Akajidunga dawa ya nguvu bila kufuata hatua zote, akili ikaruka, akaanza kuona maadui kila mahali.

Yaani ukikataa kukubali kwamba muda umepita, unabaki kuigiza mtu wa zamani.

Hii ilinigusa kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili. Juzi nilikutana na mbogi yangu ya hosteli, wote wameshamaliza. Nikaanza kurusha zile utani zetu za zamani. Walicheka, lakini kwa heshima tu. Nikajiona: mimi ndiye yule wa 1954. Ilibidi ninyamaze, niulize, "Mko aje siku hizi?" Stori ikaanza hapo.

Guka wangu naye hamalizi siku bila kumtaja Lance Spearman, mpelelezi wa kofia na tai ya kipepeo aliyekuwa kwa African Film miaka ya mwisho ya 60. Hiyo haikuwa michoro, ilikuwa picha za watu wenyewe. Guka anasema sisi vijana tumrudishe.

Sawa guka, tumrudishe. Lakini asijifanye bado ni 1968. Aamke Nairobi ya leo, atafute marafiki zake, aambiwe wengi walishazikwa. Hiyo nitanunua.

Na wewe, ungemrudisha nani?