Shahada Iliyomvua Mtu Uenyeji

Kwetu kijana akipata shahada, ukoo mzima hufanya sherehe. Kwa wenyeji wa asili wa Kanada, wale ambao vitabu vyetu vya shule viliwaita Wahindi Wekundu, mambo yalikuwa mengine. Sheria ya mwaka 1876 ilisema kwamba mwenyeji akipata shahada ya chuo kikuu, papo hapo anaacha kuwa mwenyeji machoni pa serikali. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Msomi yule hakukataa kwao, alikatwa kwao.

Nayakumbusha hayo kwa sababu ya bustani moja katika shamba la Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver. Chuo hicho kimejengwa juu ya ardhi ya watu wa Musqueam, ambayo hawakuiuza wala kuitoa kwa mkataba. Bustani inaotesha mimea ya chakula na ya dawa za asili, na jina lake katika lugha ya Musqueam maana yake ni "mahali tunapokua".

Kuna atakayeuliza, miti shamba michache itaponya nini? Nasema tutazame kwanza kilichougua. Watoto zaidi ya 150,000 walipelekwa katika shule za bweni, nyingi zikiendeshwa na makanisa, wakakatazwa kusema lugha za mama zao. Shule ya mwisho ilifungwa katika miaka ya 1990. Maarifa ya majani na mizizi yalipita kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu. Mjukuu akiondolewa, bibi hufa na dawa yake.

Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ilitoa miito 94. Mmoja unataka wahudumu wa afya wathamini tiba za wenyeji, na wazitumie kwa kushirikiana na waganga na wazee wao, mgonjwa akiomba.

Kushirikiana na wazee ndiyo kiini cha habari. Chuo Kikuu cha Padua, Italia, kilikuwa na bustani ya dawa tangu mwaka 1545, lakini mwenye kufundisha alikuwa profesa. Katika bustani ya wenyeji, profesa naye hana budi kukaa chini amsikilize bibi. Asipofanya hivyo, itabaki bustani ya maua tu.

Kwangu mimi uponyaji ndio huo: mwanafunzi ashike jembe na daftari, na pasiwe na sheria ya kumwambia achague kimoja.